Jung-hwan au Taek? Mapenzi na uigizaji katika Reply 1988

Ndugu zangu wapenzi wa tamthilia za Kikorea, asanteni kwa kufika. Miaka imepita, lakini taja jina la Deok-sun, msichana wa Reply 1988, mbele ya watazamaji watatu, ubishi unaanza upya: mume wake halali ni Jung-hwan au Taek? Nitautumia ubishi huo kuonyesha jinsi ya kubishania tamthilia kwa hoja. Ambaye hajamaliza kuitazama ajue kwamba leo nitautaja mwisho wake waziwazi: Deok-sun anaolewa na Taek.

Kwa wageni: Reply 1988 ilirushwa na tvN, chaneli ya kebo ya Korea Kusini, kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, Ijumaa na Jumamosi, sehemu 20. Mwongozaji ni Shin Won-ho, mwandishi ni Lee Woo-jung. Sehemu ya mwisho ilivuka asilimia 18 ya utazamaji, na kwa chaneli ya kebo wakati ule hiyo ilikuwa rekodi. Hadithi inahusu familia tano za kichochoro kimoja cha Ssangmun-dong, Seoul, na vijana watano waliokua pamoja: Deok-sun, Jung-hwan, Taek, Sun-woo na Dong-ryong.

Shin na Lee walikwishatengeneza Reply 1997 na Reply 1994, na mchezo wao ni uleule. Tunamwona mwanamke mtu mzima akiwa na mumewe, kisha tunarudishwa ujanani tubahatishe ni yupi kati ya wale vijana. Mchezo huu unavutia, ila una madhara yake: mtazamaji anageuka mpelelezi. Anaanza kuhesabu dalili, nani kamshika nani mkono, mume wa ukubwani anataniaje. Kim Joo-hyuk, aliyemwigiza mume huyo, alikuwa mtani mwenye maneno ya kuchoma, na watetezi wa Jung-hwan wakaona ushahidi umekamilika. Mimi sioni kama ni ushahidi. Mume yule aliongozwa makusudi aweze kuwa yeyote kati ya wawili, kwa hiyo tabia zake hazithibitishi upande wowote. Ukitaka kujua hadithi inaelekea wapi, acha dalili, uliza swali moja: katika tukio hili, tunatazama kwa macho ya nani?

Hapo ndipo Jung-hwan alipotuteka. Nusu ya kwanza ya tamthilia imejaa matukio ambayo sisi tunayajua na Deok-sun hayajui. Chukua lile la ndani ya basi. Basi limejaa, breki zinapigwa, Deok-sun anayumba. Jung-hwan anasimama nyuma yake, anakaza mikono pande zote mbili ili asibanwe. Hasemi neno. Kamera inakwenda kwenye mishipa ya mikono yake, inarudi usoni, na uso haujabadilika. Deok-sun amegeukia upande mwingine, haoni lolote. Mwigizaji Ryu Jun-yeol anakuachia wewe peke yako siri hiyo, na mtu akikupa siri, unaanza kumtetea.

Tazama pia anavyotumia tabasamu. Deok-sun akiwa mbele yake, uso ni mkavu na sauti ni ya karaha. Akishageuka tu, mdomo unalegea. Kila mara analichelewesha tabasamu mpaka mwenzake asiweze kuliona. Huo ni uigizaji wa hesabu kali, kwa sababu akiliwahisha kidogo tu, Deok-sun anajua na hadithi inaisha sehemu ya tano.

Taek amepewa kitu kingine kabisa. Ni bingwa wa baduk, ule mchezo wa kete nyeupe na nyeusi ambao Japani unaitwa go. Mbele ya ubao watu wazima wanamwogopa. Nyumbani wenzake wanamhudumia kama mtoto, anakunywa maziwa na vidonge vya usingizi. Park Bo-gum anaziigiza hali hizi mbili kwa mwili mmoja. Kwenye ubao mgongo unanyooka na jicho halipepesi. Chumbani mabega yanashuka, maneno yanatoka taratibu, kila jibu linachelewa. Wanaosema Taek ni "mpole tu" hawajamtazama vizuri. Ndiye aliyewaambia marafiki zake waziwazi kwamba anampenda Deok-sun, kama mwanamke, wakati Jung-hwan aliyekaa palepale alinyamaza. Halafu, alipoiona picha ya Deok-sun ndani ya pochi ya Jung-hwan, akajua rafiki yake naye anapenda, akavunja miadi aliyokuwa ameiweka ili amweleze msichana moyo wake.

Kwa hiyo wote wawili walirudi nyuma kwa ajili ya urafiki. Wengi husahau hili, wakamwonea huruma mmoja tu. Mwandishi alipima mizani hadi ikalingana, kisha akaleta usiku wa tamasha.

Usiku huo uko sehemu ya 18, na mwaka katika hadithi ni 1994. Deok-sun amekwenda peke yake kwenye tamasha la mwimbaji Lee Seung-hwan. Jung-hwan, sasa ofisa wa jeshi la anga, anaondoka na gari kumfuata. Kuna taa za barabarani, kuna nyekundu inayomsimamisha. Anapofika, Taek yuko pale tayari. Baadaye Jung-hwan anajua kwamba Taek aliacha mechi rasmi ili aje. Hapo Jung-hwan anakiri moyoni kwamba kosa si la taa wala la bahati. Ni kusita kwake mwenyewe, mara nyingi mno. Nawaomba watetezi wake mlisikilize hilo, maana anayemhukumu Jung-hwan ni Jung-hwan. Taek alitoa kitu chenye gharama. Jung-hwan alisubiri njia ifunguke.

Tukio la pete linafuata baadaye katika sehemu hiyohiyo, na kwangu ndilo bora kuliko yote kwa upande wa uigizaji. Wako mezani na marafiki. Jung-hwan anatoa pete ya kuhitimu chuo cha anga na kumweleza Deok-sun kila kitu: kwamba alimsubiri getini zaidi ya saa nzima ili waende shule pamoja, kwamba hakupata usingizi mpaka Deok-sun arudi kutoka kujisomea, basi lile, shati ambalo Deok-sun alimpa siku ya kuzaliwa. Anamwambia anampenda. Kisha anamgeukia Dong-ryong na kumuuliza kama sasa ameridhika, kana kwamba yote yalikuwa utani wa kumtimizia mwenzake. Ryu Jun-yeol hapandishi sauti. Pumzi ndiyo inayofanya kazi: sentensi za mwanzo zinatoka kwa wepesi, za mwisho zinakatika katikati. Pete inabaki mezani.

Mtu asiyejua jambo moja la Kikorea anaweza kuona vijana hawa ni baridi. Kwa kawaida tamthilia za huko huonyesha mapenzi kupitia lugha ya heshima: wapenzi wanaanza na maneno ya adabu, siku moja mmoja anayaacha, nasi tunajua ukuta umeanguka. Sun-woo anafanya hivyo kwa Bo-ra, dada yake Deok-sun, aliyemzidi umri. Lakini Deok-sun, Jung-hwan na Taek ni rika moja, wanazungumza kienyeji tangu utotoni. Hakuna ngazi ya kushuka. Ndiyo maana mzigo wote umeangukia macho, mikono na umbali wa miili.

Sasa niseme kinachoniuma. Udhaifu mkubwa wa tamthilia hii sio kumchagua Taek. Ni kumnyima Deok-sun macho yake. Sehemu ya kwanza ilimjenga vizuri ajabu: keki yake ya kuzaliwa ni ileile ya dada yake, mayai ya kukaanga ni ya Bo-ra na No-eul, mdogo wao wa kiume. Anafanya mazoezi ya kubeba bango la Madagaska kwenye Olimpiki ya Seoul, Madagaska inajitoa, na mwisho anaingia uwanjani na bango la Uganda. Hyeri, anayemwigiza Deok-sun na aliyetoka kundi la muziki la Girl's Day, alidharauliwa kabla hajaonekana, lakini kilio chake cha siku ya keki kina hasira na aibu kwa pamoja, na hilo si rahisi. Ni binti aliyezoea kupewa kilichobaki.

Basi katika mapenzi anafanyaje? Anampenda Sun-woo kwa sababu marafiki wamemwambia Sun-woo anampenda. Anahamia kwa Jung-hwan kwa sababu hiyohiyo. Dong-ryong ndiye anayemweleza aache kuuliza nani anampenda, ajiulize yeye anampenda nani. Ushauri ule ulipaswa kufungua mlango. Badala yake kamera inaendelea kukaa na wavulana, maana ikikaa na Deok-sun siri ya mume inafichuka. Mchezo wa kubahatisha uliokolewa kwa kumfunga mdomo mhusika mkuu. Hasira ya watazamaji wengi ilitoka hapo, ingawa waliielekeza kwa Taek.

Mkitaka kuujaribu mtazamo huu, rudieni sehemu ya 18 mkiwa na karatasi. Gaweni safu tatu, na kila picha ya uso kwa karibu iwekeeni alama kwenye safu ya mwenye uso. Kisha tukio la pete litazameni bila sauti, halafu na sauti halisi ya Kikorea. Nakala iliyotafsiriwa na DJ inafaa kufuatilia hadithi, lakini msiitumie kuhukumu uigizaji, kwa sababu sauti ya mtafsiri inafunika pumzi na kimya, na Ryu Jun-yeol kazi yake karibu yote iko humo. Anayetaka kumtetea Taek aanze na mgongo wa Park Bo-gum mbele ya ubao. Na anayetaka kumtetea Deok-sun atafute matukio ambayo yuko peke yake, bila mvulana wa kumtazama, aone ni machache kiasi gani. Maswali sasa, tuanze na upande wa Jung-hwan, naona mikono iko juu.