Samaki Kaliwa, Jina Limebaki

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na wanafunzi wa sayansi ya bahari

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, sogeeni mbele, viti vya mbele havina deni.

Nianze na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ambaye sikuwahi kumwona. Kijana mmoja alinijia na kichupa, ndani yake kipande cha pezi kidogo kama ukucha, kimelowekwa kwenye ethanoli. Akasema, "Mwalimu, huyu ni mkunga wa mto Pangani, Anguilla marmorata." Umejuaje? "Ana madoadoa." Haya. Kipande kikaenda maabara, ikasomwa jeni ya COI, ile ya mitokondria, yaani vile vijitambo vya nishati ndani ya seli vyenye DNA yao wenyewe, herufi kama 650 hivi ambazo tangu 2003 zimekuwa chapa ya kumtambulisha mnyama. Jibu likaja: bengalensis, yaani mkunga wa spishi nyingine.

Hapo sasa. Ama kijana alikosea, ama vichupa vilibadilishana njiani, ama yule aliyeuweka mfuatano wa kulinganishia kwenye GenBank, ile hazina ya mtandaoni ya DNA, naye alimpa samaki wake jina la samaki mwingine. Makosa ya namna hiyo yamo mle ndani, na kila anayefanya kazi hii anayajua. Nikamwambia, hakuna tabu, mlete samaki mwenyewe tumpime. Kijana akainama. Samaki kaliwa! Tena kapikwa kwa nazi, na shangazi mtu wala hakuambiwa kwamba anapika ushahidi.

Jambo hili nimelisema Pangani, nimelisema Kigombe, na leo nalisema tena: DNA isiyo na mwili ni barua isiyo na mwandishi. Huna wa kumrudia ukamuuliza.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, huyu mwalimu ni wa zamani, kama mashine inasoma DNA, kuhesabu pingili za mgongo ni kwa nini tena? Basi nisikilize. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Mkunga wa Ulaya na mkunga wa Marekani wote huzaliana Bahari ya Sargasso, huko Atlantiki, na huko Iceland wamepatikana machotara wao. Ukisoma mitokondria ya chotara itakupa jina la mama, na baba utakuwa umemfuta. Lazima usome na jeni za kwenye kiini cha seli, zinazotoka kwa baba na mama, na umtazame samaki mwenyewe. Wa Marekani ana pingili za mgongo kama 103 hadi 111, wa Ulaya 110 hadi 119. Johannes Schmidt wa Denmark alizihesabu pingili hizo kwa maelfu ya samaki, mashine ya kusoma DNA haijazaliwa.

Turudi kwetu. Mito inayomwaga Bahari ya Hindi upande huu wa Afrika ina mikunga wa Anguilla wa aina nne: bicolor, mossambica, marmorata na bengalensis. Kwenye daftari la mwaloni wote ni "mkunga". Na yule wa miambani, mwenye meno, asiye na pezi la kifuani hata moja, naye "mkunga". Daftari la hivyo linamsaidia nani? Kesho mtu akiuliza kama mabwawa ya Pangani yamewazuia mikunga kupanda mto, tutamjibu kwa lipi?

Kumtazama si kazi ngumu. Kwanza pezi la kifuani: kama halipo, huyo ni wa miambani, mtoe kwenye hesabu ya mto. Kama lipo, pitisha kidole mgongoni utafute pezi la mgongo linapoanzia, kisha mgeuze utafute tundu la haja. Vikikaribia kulingana, huyo ni bicolor. Pezi likianza mbele sana, angalia ngozi: asiye na madoa ni mossambica, wenye madoa ni wale wawili waliomponza kijana wangu. Hao ndio wa kupimwa kwa rula, kutoka pezi hadi tundu, ukagawanya kwa urefu wa samaki mzima. Marmorata kwa kawaida uwiano wake ni mkubwa zaidi. Wachanga wao madoa hawana bado, kwa hiyo mtoto wa mkunga usimpe jina kwa rangi. Hapo ndipo DNA inapostahili heshima yake yote.

Mzee pale nyuma anatikisa kichwa, anaona ni mambo ya mikunga tu. Mzee wangu, silikanti je, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka duniani? Mwaka 1938 Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alimwona kwenye shehena ya samaki, akapigania mwili usitupwe. Ngozi ikaokolewa, matumbo yakaoza yakatupwa, na Profesa Smith, mtaalamu wa samaki aliyempa jina, akangoja miaka 14, hadi 1952, kumpata wa pili kule Komoro. Miaka 14 kwa sababu ya matumbo! Mwaka 1997 mwingine akaonekana sokoni Manado, Indonesia, akapigwa picha, akauzwa. Ikabidi kungoja hadi 1998 apatikane wa kushikika. Kwa macho alikuwa silikanti yule yule, ila rangi ya kahawia. DNA ndiyo iliyoonyesha kwamba ni spishi nyingine, na 1999 akapewa jina lake.

Na wa kwetu Tanga, walionaswa na majarife, hawakutupwa wote. Kwa sababu kuna waliohifadhiwa, mwaka 2011 ilichapishwa kwamba silikanti wa kaskazini ya Tanzania ni kundi lenye nasaba yake, tofauti na la Komoro. Nyama ya samaki wenu ndiyo iliyosema hivyo. Wangekaangwa wote, tusingejua.

Nilitaka kueleza pia mtoto wa mkunga, yule bapa anayepitisha mwanga mwilini, aliyeitwa samaki wa aina yake mpaka Waitalia Grassi na Calandruccio walipomwona akigeuka mkunga mbele yao. Naoneshwa saa. Basi.

La formalini, ile dawa ya kuhifadhia miili, nalisema hata mkinifukuza: kata kipande cha pezi kwanza, tia kwenye ethanoli, andika namba moja kwenye kichupa na kwenye samaki. Halafu ndipo mwili uingie formalini. Ukigeuza utaratibu, formalini inaiharibu DNA.

Kwenye deli pale kuna mikunga watatu kwenye barafu, wameletwa alfajiri. Rula ninazo sita. Wavuvi waanze, wanafunzi wawaandikie.