Kirusi Kisichopiga Kelele

Asanteni kwa kunikaribisha. Nitaongea Kiswahili, maana hapa Bombo tukianza kuchagua kati ya Kinubi, Kiganda na Kiingereza, magharibi itaingia hatujaanza.

Pale mlangoni mama mmoja amenivuta kando. "Musawo," yaani daktari, "binti yangu ana miaka kumi, hajui mwanamume. Mbona mnamchoma chanjo ya ugonjwa wa watu wazima?" Mama, sogea mbele. Swali lako ndilo mhadhara wenyewe.

Chanjo hiyo ni ya HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana na kinachoweza kuleta kansa ya shingo ya kizazi. HPV ina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina neno: zinakuotesha chunjua mkononi, basi. Lakini aina ya 16 na ya 18 peke yake ndizo zilizo nyuma ya kansa kama saba katika kila kumi za shingo ya kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen alilisema hilo wengi wakiwa hawamwamini, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Sisi Uganda kansa ya kirusi si ngeni kwetu: uvimbe wa taya aliouandika daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958 ndio uliowafikisha watafiti kwenye kirusi cha Epstein-Barr.

Sasa, HPV hupenya kwenye mchubuko usioonekana, ikakaa kwenye seli za chini kabisa. Haiui seli, wala haisafiri kwenye damu. Inangoja seli zipande juu kama kawaida yake, itoke na zile zinazobanduka. Askari wa mwili huamshwa na seli zinazokufa na uvimbe. Hapa hakuna kilichokufa, nani awaamshe? Hata hivyo, kwa watu kama tisa katika kumi mwili hushtuka na kuifuta ndani ya miaka miwili.

Kwa wanaobaki, protini zake mbili ndizo mbaya. E6 huvunja p53, protini ya mwili inayoisimamisha seli yenye kasoro ijirekebishe au ife. E7 huifunga Rb, breki ya kugawanyika. Seli inakuwa lori lisilo na breki kwenye miteremko ya Kabale, ila mteremko huu ni mrefu: miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyepata dawa ni mfupi zaidi, 5 hadi 10.

Chanjo ni ganda tupu la kirusi. Ndani hamna vinasaba, kwa hiyo haliwezi kuambukiza. Tunalichoma kwenye msuli wa bega, na ujanja uko hapo: ganda lililokuwa limejificha kule chini linawekwa mbele ya askari mchana kweupe. Kingamwili zinazotoka ni nyingi kuliko zile za maambukizi yenyewe. Lakini kingamwili hukamata kirusi kikiwa nje ya seli. Kikishaingia, chanjo haikitoi. Ndiyo maana, mama, tangu 2015 nchi hii inaanza na binti wa miaka kumi.

Na sisi tuliokwisha kuzaa? Sisi tuna siki. Msicheke. Nesi anachukua pamba, anapaka siki iliyopimwa kwenye shingo ya kizazi, anangoja kama dakika moja, na penye kasoro panakuwa peupe kama maziwa yaliyoganda. Pakionekana mapema, panachomwa au panagandishwa, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Msingoje maumivu; nimeshasema kirusi hiki hakiui seli wala hakileti uvimbe, kwa hiyo hayaji mapema. Wengi ninaowapokea wodini walingoja damu.

Kile chumba chenye pazia la kijani, nesi yumo hadi saa kumi. Vitenge vya kujifunika vipo.