Wa Kwanza Kumgusa Mgonjwa Hayumo Kwenye Orodha

Waganga wakuu wa wilaya, wakufunzi wenzangu, na ninyi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya haraka kwa watu wanaokabili milipuko ya magonjwa. Nitaanzia Kagera, maana ni nyumbani. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg, homa kali ya kirusi inayofanana na Ebola. Hadi ulipotangazwa kuisha, tarehe 2 Juni, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Wawili kati ya wagonjwa hao walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao alifariki. Januari 2025 Marburg ikarudi mkoa uleule, safari hii Biharamulo. Wakahesabiwa watu 10, na wote 10 walifariki.

Hesabu ya Biharamulo ndiyo inayoninyima usingizi. Waliothibitishwa na maabara ni 2 tu. Wale 8 waliingia kwenye hesabu kama watu waliodhaniwa kuwa nao, kwa sababu walifariki kabla ya kupimwa. Sasa jiulizeni: mtu akiugua mpaka akafa pasipo kipimo, ni nani aliyemlisha uji? Nani alifua shuka, nani alimpakia kwenye bodaboda, nani alimwosha akamvika sanda? Hao ndio waliokabili mlipuko kabla sisi wenye fulana za idara hatujafika. Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kualikwa kwenye semina yetu.

Semina zetu tunazijua. Barua inatoka mkoani ikitaka washiriki wawili kila kituo, anakuja mganga mfawidhi na muuguzi kiongozi. Wanakaa hotelini siku tano, mgeni rasmi anafungua, posho inalipwa, vyeti vinagawiwa. Mfagizi wa wodi amebaki kituoni, anadeki matapishi bila glavu. Mlinzi wa getini, ambaye ndiye anayempokea mgonjwa saa nane usiku, hajui hata swali moja la kumwuliza. Na muuzaji wa duka la dawa muhimu, ambaye watu humwendea homa ikianza tu, hatumkumbuki kabisa. (Naona mama pale anatikisa kichwa. Nadhani ameshawahi kuachwa kituoni.)

Halafu tunafundisha nini? Saa nzima ya kwanza ni historia: mwaka 1967, miji ya Marburg na Frankfurt huko Ujerumani, na Belgrade, tumbili waliotoka Uganda, picha ya kirusi kilichojikunja. Mimi napenda historia. Lakini kama una saa mbili tu na mtu anayerudi zamu leo jioni, iache. Mpe jiki. Mwonyeshe kwamba jiki ya asilimia 3.5, kopo moja kwa makopo 6 ya maji, inatoa dawa ya asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na vyombo. Na kwamba ukichukua kopo moja la mchanganyiko huo ukaongeza makopo 9 ya maji, unapata ya kunawia mikono. Apime mwenyewe, kwa kopo lake mwenyewe. Kisha avae vifaa kinga na kuvivua mara tatu mwenzake akimwangalia. Sisitizeni kuvua. Kuvaa kila mtu anakwenda taratibu kwa sababu anaogopa. Wakati wa kuvua amechoka, jasho linamwingia machoni, anapitisha mkono usoni. Kila kipande kinachotoka, mikono isafishwe tena. Mtu asiyejua kusoma analiweza hili vizuri kabisa akifundishwa kwa mikono, na akifundishwa kwa Kihaya au Kisubi kama ndiyo lugha anayoiwazia.

Kuna jambo tunalipita haraka mno: viziwi. Barakoa inaficha midomo, na kiziwi anayesoma midomo hapo amefungiwa mlango. Tukikumbuka sana tunaleta mkalimani wa Lugha ya Alama siku ya mkutano wa hadhara. Mimi nasema kiziwi awe ndani ya timu, afundishwe kufuatilia waliokutana na mgonjwa kwa zile siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kujitokeza, kwa sababu ndiye atakayefunguliwa mlango na viziwi wenzake. Na kwa ajili ya wasioweza kupanda ngazi, ukumbi wa mafunzo usiwe ghorofani, tafadhali.

Maziko yana somo lake. Kule Afrika Magharibi, wakati wa Ebola, familia zilificha maiti kwa sababu timu zilikuja zimevaa kama watu wa mwezini, zikachukua mwili, zikaondoka. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa maziko salama na yenye heshima, viongozi wa dini wakishirikishwa. Kwa Waislamu, badala ya kuosha, ikaruhusiwa kumtayamamisha maiti, yaani kumtakasa kwa mchanga badala ya maji, na kumvika sanda. Mnaona? Kazi ya mwosha maiti haikufutwa. Ilipewa namna isiyoua. Hapa petu, shekhe, mchungaji na wale kina mama wanaoitwa usiku kuosha wanafaa kukaa darasa moja na bwana afya.

Na Beni, mashariki mwa Kongo, katika mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,280, waliopona Ebola walikabidhiwa watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Waliwalea, wakawabeba. Kilichohitajika hakikuwa diploma.

Najua swali linalokuja: posho. Mfagizi akiacha zamu nani atamlipa? Jibu langu ni kwamba asiache zamu. Mkufunzi ndiye aende wodini, saa moja asubuhi zamu zinapopishana, na saa moja usiku kwa wale wa usiku, maana hao huachwa kila mara. Nauli ya mkufunzi mmoja ni ndogo kuliko ukumbi wa siku tano. Dereva wa bodaboda mfuate kijiweni, kabla abiria hawajaanza.

Sasa, kabla ya maswali, kila wilaya itoe karatasi. Andikeni kituo kimoja mnachokijua, na chini yake majina ya kazi za watu wote wanaomgusa mgonjwa tangu anatoka nyumbani kwake mpaka anafika kitandani. Mkimaliza, wekeni alama kwa kila aliyepata mafunzo mwaka huu. Tutaanza kusoma za Ngara.