Semina Pekee Haitoshi: Kumfundisha na Kumlinda Mhudumu wa Afya

Waheshimiwa viongozi, walimu wetu, madaktari, wauguzi, wakunga, wataalamu wa maabara, na nyinyi wenzetu mnaosafisha wodi na kufua mashuka, habari za mchana. Nawataja watu wa usafi kwa makusudi. Barua za kualika watu kwenye mafunzo ya kukinga maambukizi mara nyingi huishia kwa wenye makoti meupe, na anayebeba sindano zilizotumika kutoka wodini hadi kichomeo cha taka ndiye asiyealikwa.

Nimeombwa nizungumze kuhusu elimu ya kukinga na kudhibiti maambukizi. Naomba niiunganishe na jambo la pili, yaani msaada anaoukuta mhudumu akisharudi zamu, kwa sababu nimeona watu wengi wakifaulu mtihani wa semina vizuri kabisa, kisha wodini mambo yakaendelea vilevile.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika hospitali zinazolaza wagonjwa wa dharura na wa muda mfupi, kati ya kila wagonjwa 100, wagonjwa 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika kila 10 wanaopata maambukizi hayo, karibu mmoja hufariki. Mtu amekuja na mguu uliovunjika, na sasa anahangaika na usaha wa kidonda cha upasuaji au homa iliyoingia kupitia mpira wa mkojo. Hakuja nayo. Sisi ndio tuliompa.

Jibu jepesi huwa kwamba wahudumu hawajui, wafundishwe. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi. Mwaka 1994, katika hospitali kuu ya chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, timu iliyoongozwa na Didier Pittet ilikaa wodini ikihesabu ni mara ngapi wahudumu husafisha mikono pale wanapotakiwa. Wastani ulikuwa asilimia 48. Hao ni watu waliosoma, katika nchi yenye fedha. Na kilichowashangaza wengi ni kwamba kadiri kazi ilivyozidi, ndivyo mikono ilivyosafishwa kidogo zaidi. Hali ilikuwa mbaya kuliko kwingine katika chumba cha wagonjwa mahututi, mahali penye hatari kubwa kabisa.

Tupige hesabu pamoja. Muuguzi wa wagonjwa mahututi anaweza kutakiwa kusafisha mikono mara 20 kwa saa moja. Kunawa kwa maji na sabuni ipasavyo ni sekunde 40 hadi 60, bila kuhesabu kwenda kwenye sinki na kurudi. Hizo ni kama dakika 20 za kila saa amesimama kwenye bomba. Nani amhudumie mgonjwa? Kumwambia mtu huyo ajitahidi zaidi ni kumwonea. Geneva walisogeza dawa ya mikono yenye spiriti hadi kando ya kitanda, ambayo huhitaji sekunde 20 hadi 30 tu. Wakabandika mabango waliyoyabuni wahudumu wenyewe, wakawa wanawarudishia matokeo ya kila kipindi. Kufikia mwisho wa 1997 wastani ulikuwa umepanda hadi asilimia 66, na maambukizi ya hospitalini yakashuka. Asilimia 66 si 100, lakini wapo wagonjwa waliorudi nyumbani salama kwa sababu ya tofauti hiyo.

Niweke angalizo la haraka: spiriti haiondoi uchafu unaoonekana wala haiui mbegu za vimelea kama Clostridioides difficile wanaosababisha kuhara. Mikono yenye damu au kinyesi inataka maji na sabuni.

Sasa niwaombe mtazame glovu. Mhudumu huvaa jozi moja asubuhi, akapima presha kitanda cha kwanza, akagusa kanula, ule mrija mdogo unaoingizwa mshipani, kitanda cha pili, akafungua kabati, akaandika kwenye faili, akaendelea na kitanda cha tatu. Yeye anajiona amekingwa. Mgonjwa wa kitanda cha tatu hajakingwa na chochote, tena ngozi ile angalau ingenawishwa, glovu hainawi. Kisha inakuja kazi ya kuzivua, na hapa wengi hujichafua. Upande wa nje ni mchafu: ubane karibu na kifundo cha mkono, uvute hadi glovu igeuke ndani nje, uikunje ndani ya kiganja cha mkono ambao bado umevaa. Vidole vilivyo wazi viingie chini ya ukingo wa glovu ya pili, kwenye ngozi, uisukume itoke ikiifunika ya kwanza. Halafu usafishe mikono, kwa sababu glovu hutoboka bila wewe kuona. Jambo hili halifundishiki kwa slaidi ukutani. Linafundishwa ukiwa umesimama na mtu, ukimwangalia anavyovua, ukimwambia hapo umegusa, rudia. Mkufunzi wa kweli wa kinga ya maambukizi ni yule anayepita wodini wiki hii na wiki ijayo, anayejua kwamba sanduku la sindano la chumba cha sindano limejaa kupita robo tatu na hakuna aliyelibadilisha.

Na hilo sanduku linanileta kwenye jambo linaloniuma zaidi. Muuguzi akichomwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa, mara nyingi swali la kwanza analoulizwa ni: ulikuwa unafanyaje mpaka ukajichoma? Basi mwenzake aliyesikia swali hilo, akichomwa yeye, atanyamaza. Na kunyamaza kunagharimu. Uwezekano wa kupata VVU kwa kuchomwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takriban asilimia 0.3, na dawa za kinga zipo, ila zianze mapema iwezekanavyo, zisichelewe kupita saa 72, na zinywewe siku 28. Homa ya ini aina ya B ni hatari zaidi: kwa asiyechanjwa, uwezekano ni kati ya asilimia 6 na 30. Chanjo yake ipo, ni salama, kwa kawaida dozi tatu. Mtu wa kufua mashuka anayekutana na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka anaihitaji sawasawa na daktari wa upasuaji. Ukichomwa: osha kwa maji na sabuni, usikamue wala usisugue kwa kemikali kali, toa taarifa saa hiyo hiyo. Na wewe msimamizi, swali lako la kwanza liwe: umeshaanza dawa? Uchunguzi wa chanzo utakuja baadaye, na uanze na sanduku lilipowekwa, taa ya chumba, na idadi ya watu waliokuwa zamu.

Tusisahau tulikotoka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021, wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 huenda walifariki kwa UVIKO-19. Wengi wao walijua barakoa huvaliwaje. Barakoa ndizo zilizokosekana.

Kwa hiyo viongozi mlioko mbele, ombi langu kwenu linahusu bajeti na ratiba. Mwongozo wa kimataifa unataka angalau mtaalamu mmoja wa kudhibiti maambukizi, wa muda wote, kwa kila vitanda 250. Si muuguzi anayeongezewa kazi hiyo juu ya zamu yake. Mpeni huyo mtu mamlaka ya kusimamisha upasuaji vifaa vikiwa havijatakaswa. Mpeni orodha ya chanjo ya watumishi wote, wa mikataba ya usafi wakiwemo. Na dawa za kinga baada ya kuchomwa sindano zipatikane usiku wa manane na siku ya sikukuu, mahali ambapo hata mwanafunzi wa mazoezi anapajua.

Baada ya maswali tutaingia chumba cha pili. Glovu zipo, na rangi ya kupaka kuonyesha mlipogusa ipo. Wenzetu wa usafi na ufuaji ndio watatangulia.