Namna ya Kuugeuza Uwanja wa Nyumba Kuwa Bustani ya Mimea ya Asili ya Pwani

Ndugu mtazamaji, karibu. Tumesimama katika uwanja wa nyumba ya kawaida pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam: ardhi ya kichanga, ukuta wa matofali pande tatu, mwarobaini mmoja mkubwa unaotoa kivuli, na mchanga uliofagiwa alfajiri mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Ni uwanja safi, na mwenye nyumba ana haki ya kujivunia. Hata hivyo, tulia kidogo usikilize. Husikii ndege ila kunguru, na hakuna kipepeo hata mmoja anayekatiza. Leo nitakuonesha namna ya kuupanda uwanja kama huu mimea ya asili ya pwani yetu, inayolisha ndege wadogo waitwao chozi, vipepeo, nyuki na popo, bila kununua mbolea ya viwandani wala dawa ya kuua wadudu.

Hatua ya kwanza haihitaji jembe. Chukua kamba na vijiti, uugawe uwanja sehemu mbili: sehemu itakayoendelea kufagiwa, yaani mbele ya mlango, njia ya kwenda getini na mahali watoto wanapochezea, na sehemu ambayo kuanzia leo ufagio hautaigusa. Katika sehemu hii ya pili majani makavu yaachwe yalale yalipoanguka. Chini yake wataingia jongoo, mende wa porini, buibui na minyoo, na wao ndio watakaoyageuza majani kuwa udongo mweusi ambao mchanga wetu hauna. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba jani lililoanguka ni uchafu, na kila asubuhi tunalichoma moto. Kwa kufanya hivyo tunachoma chakula cha bustani nzima.

Najua hofu itakayokujia mara moja, nayo ni nyoka. Hofu hiyo ni ya haki na siipuuzi. Kwa sababu hiyo tunaacha ukanda wa meta 2 unaofagiwa kuzunguka kuta zote za nyumba, haturundiki kuni wala matofali karibu na mlango, na mabaki ya jikoni tunayafunika, kwa maana mabaki huvuta panya, na panya huvuta nyoka.

Hatua ya pili ni kusubiri kwa macho yaliyo wazi. Ifanye kuanzia Septemba, kabla ya mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba. Mvua zikianza, mbegu zilizolala ardhini, pamoja na zile zilizoletwa na ndege na popo, zitaota zenyewe, na nyingine zitakuwa za miti ya asili usiyohitaji kuitafuta wala kuilipia. Usizing'oe kabla hujazitambua. Mwite mzee wa mtaani anayeijua miti, mtembee pamoja, na kila mche unaotambuliwa ufungie kitambaa. Inayopaswa kung'olewa ni ile ya kigeni inayosambaa bila kizuizi. Wa kwanza ni lantana, kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko kilichotoka Amerika ya kitropiki, ambacho hufunika ardhi mpaka mimea mingine isipate nafasi. Wa pili utakushangaza: ni miche ya mwarobaini. Mti huu tunaupenda kwa dawa yake na kivuli chake, lakini asili yake ni Asia ya Kusini, na mbegu zake zinazobebwa na ndege na popo zimeuingiza hata katika misitu ya pwani. Sikuambii uukate huu mkubwa leo, kwa sababu kivuli chake kitailinda miche yetu dhidi ya jua kali. Okota mbegu zake, ng'oa miche yake, na siku ambayo miti mingine itakuwa imeshika nafasi ndipo utaamua.

Sasa tunafika kwenye uchaguzi wa mimea, na hapa naomba tusiende haraka. Ukienda kwa wauza miche kando ya barabara utapata mkrismasi, ambao kwao ni Madagaska, bogenvilia ya Amerika ya Kusini, na maua mengine mengi mazuri. Hebu tazama kwa karibu jani hili la bogenvilia: zima, halina hata tundu moja. Wengi huona hiyo ni sifa njema. Mimi naona ni meza isiyo na chakula. Kipepeo jike hatagi mayai popote. Hutafuta mmea ambao viwavi wake wanaweza kuula, na mara nyingi ni mmea wa aina moja au wa ukoo mmoja tu. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Gede nchini Kenya, wanalijua jambo hili kwa mikono yao, kwa kuwa tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo, wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza nje ya nchi pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, na hawawezi kufuga kipepeo kabla ya kupanda mmea wake. Viwavi hao hao ndio riziki ya ndege. Chozi unayemwona akinyonya maji matamu ya ua kwa mdomo wake uliopinda, akiwa na makinda huyalisha wadudu na buibui. Bustani yenye maua matupu humkaribisha chozi lakini haimwezeshi kulea.

Kwa hiyo katika uwanja huu tutapanda yafuatayo. Karibu na dirisha tunapanda mjafari, mti wa miiba wa ukoo mmoja na mlimao, ambao majani yake huliwa na viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, yule tunayemwona pia kwenye michungwa. Mbele yake tunapanda kwa mstari marejea, mmea wa jamii ya kunde. Maua yake ya manjano hupendwa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na mizizi yake huongeza naitrojeni katika mchanga huu maskini. Mashina yake yakikauka usiyaondoe, kwa sababu kuna vipepeo wanaokuja kufyonza humo kemikali zinazowafanya wawe wachungu kwa ndege. Mahali penye jua kali zaidi tunapanda mishubiri ya kwetu yenye maua mekundu au ya machungwa, ambayo chozi huijia hata wakati wa kiangazi. Kumbuka kwamba mshubiri unaouzwa sana kwa ajili ya ngozi na nywele asili yake ni Bara Arabu. Huo si ule ninaouzungumzia.

Kwa matunda tunachagua mfuu, ambao pwani ya Kenya huitwa mfudu, na mtopetope mwitu. Yote miwili haiwi mikubwa mno kwa uwanja wa mjini, na watoto watagawana matunda na ndege. Ukiwa na uwanja mpana ongeza mkwaju, na ukiwa na shamba panda mkuyu, ambao ni ghala la ndege na popo. Hata hivyo, mkuyu usiupande karibu na nyumba wala shimo la maji taka, kwa kuwa mizizi yake haina adabu. Kwenye uzio, mnyaa unafaa sana, ila utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho: vaa miwani unapoukata, na usiupande mahali watoto wanapochezea.

Mbegu na miche utapata wapi? Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, huuza mbegu za miti, ikiwemo ya asili. Unaweza pia kuokota mbegu chini ya mti wa jirani kwa ruhusa yake. Using'oe miche wala mishubiri katika misitu ya hifadhi kama Pugu-Kazimzumbwi. Ni kosa kisheria, na tutakuwa tunaubomoa msitu ili tupambe ua. Mbegu ngumu kama za mkwaju ziloweke katika maji usiku kucha kabla ya kuzipanda kwenye viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche.

Sasa tuje kwenye kupanda. Subiri mvua ilowanishe ardhi mpaka kina cha mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko. Chimba shimo la sentimeta 60 kwa 60 na kina hicho hicho, ukiweka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine. Udongo wa juu uchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri, uurudishe kwanza. Chana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, usivute mche kwa shina, na uupande usawa ule ule uliokuwa nao kitaluni. Shindilia kwa miguu polepole, kisha tengeneza kisahani cha udongo kuuzunguka ili maji yasikimbie. Juu yake weka matandazo ya majani makavu yenye unene wa kiganja, lakini yasiguse shina, kwa sababu mchwa hupandia hapo. Kiangazi cha kwanza utamwagilia mara mbili kwa wiki. Miti ya asili ikishashika, haitakudai maji mengi.

Maji ya ndege ni jambo fupi. Chukua sahani pana ya udongo, weka jiwe katikati ili wadudu wasizame, na ubadilishe maji kila siku ya pili, kabla mbu hawajapata muda wa kuangua na kukua. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, hula mayai na makinda ya ndege wengine. Usiwalishe hata kwa bahati mbaya: funika ndoo ya taka, na uache vichaka vya miiba visongamane, ili ndege wadogo wapate mahali pa kujenga viota ambapo kunguru hapenyi.

Jambo la mwisho ni dawa za kunyunyizia: usizitumie kabisa katika uwanja huu. Dawa inayoua kiwavi mara nyingi humuua nyuki pia, na kinda aliyeletewa wadudu wenye sumu naye huimeza. Baada ya masika utaona majani ya mjafari yametobolewa. Usiende dukani. Inama utazame juu ya jani kitu kidogo cheusi chenye baka jeupe, mfano wa kinyesi cha ndege. Kiguse taratibu kwa ncha ya unyasi. Kikichomoza pembe mbili laini zenye harufu kali, ni kiwavi mchanga. Siku chache baadaye atageuka kuwa wa kijani. Muache aendelee kula.