Mtoto akiwa shuleni, nani yuko mlangoni?

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, habari za jioni. Na ninyi walimu mliokubali kukaa hapa na vifaa vya ukalimani masikioni, karibuni sana, leo zamu yenu.

Nimeombwa nizungumzie namna wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, yenye watoto wa kila kabila, dini na lugha inavyoweza kubaki salama, na watoto wote wakajiona wako kwao, hasa katika kipindi hiki kigumu cha hapa Marekani. Nianze na neno litakalowaudhi baadhi ya viongozi wetu: mabango hayalindi mtoto. Bango la "Karibuni Nyote" lenye lugha kumi na mbili linapendeza, nami nimewahi kupiga picha mbele yake. Lakini afisa wa uhamiaji akiingia saa nne asubuhi, anayempokea ni yule dada wa mapokezi, simu mbili zinalia na mbele yake kasimama mtoto anatoka damu puani. Swali langu la leo ni hilo tu: huyo dada ameambiwa afanye nini?

Turudi nyuma kidogo, maana haki hii tunayoitumia kuna watu waliitolea jasho. Mwaka 1975 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kuzinyima wilaya fedha kwa ajili ya watoto wasio na vibali vya kukaa nchini, na kuziruhusu ziwakatae kabisa. Wilaya ya Tyler ikaamua kutoza dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa namna hiyo. Kibarua wa miaka ile angezitoa wapi? Familia chache zikaenda mahakamani kwa majina ya kificho. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kura zilikuwa 5 kwa 4. Kura moja, jamani! Kesi hiyo, Plyler dhidi ya Doe, haijatenguliwa. Kwa hiyo ukienda kumwandikisha mtoto, watataka kujua unakaa wapi, mtoto ana umri gani na amechanjwa nini. Habari za viza na kibali cha ukaazi si kazi ya karani wa shule.

Kilichobadilika ni kitu kingine. Tangu mwaka 2011 maafisa wa uhamiaji walikuwa na mwongozo wa kutowakamata watu shuleni, hospitalini na kwenye nyumba za ibada, ila kwa sababu maalumu. Januari 2025 ukafutwa. Ulikuwa mwongozo wa idara, haukupitishwa na Bunge, ndiyo maana kuuondoa hakukuchukua hata wiki. Wazazi wengi wakaelewa kwamba sasa shule ni uwanja wazi, yeyote anaingia anavyotaka. Hapana. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayoizuia serikali kupekua na kukamata watu kiholela, yako palepale, na wilaya nyingi zimewaagiza watu wao hivi: madarasani, kwenye korido na kwenye bwalo la chakula, afisa haingii mpaka aonyeshe waranti, yaani hati ya kukamata au kupekua, yenye saini ya jaji, labda pawe na hatari ya papo kwa papo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana waranti ziko za aina mbili. Kuna ya mahakama, ambayo juu yake utakuta jina la mahakama na chini saini ya jaji. Halafu kuna fomu iitwayo I-200. Nayo imeandikwa waranti kwa herufi kubwa na ina nembo ya serikali, lakini aliyeisaini ni afisa wa uhamiaji. Mtu aliyeshikwa na hofu hasomi mpaka chini. Ndiyo maana sitaki dada wa mapokezi aachiwe kazi ya kuisoma. Nataka kando ya simu yake kuwe na kadi iliyoandikwa sentensi tatu: naomba kitambulisho chako, subiri hapa tafadhali, namwita mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu naye awe na namba ya wakili wa wilaya, na huyo wakili apokee simu. Basi. Hakuna kubishana, hakuna kumzuia mtu kwa mikono, hakuna kumficha mtoto chooni.

Na maelekezo ya namna hiyo yanafanya kazi. Aprili 2025 maafisa wa Idara ya Usalama wa Ndani, ile inayosimamia uhamiaji, walifika kwenye shule mbili za msingi za Los Angeles, wakasema wamekuja kuangalia hali za watoto fulani. Watoto wenyewe walikuwa wa darasa la kwanza mpaka la sita. Walimu wakuu hawakuwaruhusu waingie, na maafisa wakaondoka. Wale walimu hawakuwa mashujaa wa sinema. Walikuwa wameelekezwa mapema.

Kuna mlango mwingine ambao hauna mlinzi: karatasi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi, ila inairuhusu wilaya kutoa baadhi ya taarifa bila kukuuliza kila mara. Jina, anwani, namba ya simu, hata mahali mtoto alipozaliwa, ikiwa wilaya imeviweka kwenye orodha yake. Unayo haki ya kukataa kwa maandishi. Fomu ya kukataa huja ndani ya lile bunda la karatasi la mwanzo wa mwaka, na sisi tunasaini zote kwa mpigo tukiwa tumesimama jikoni. Isomeni ile moja, wazazi wangu. Nanyi wilaya, iandikeni kwa lugha tunayoisoma.

Hofu ina gharama ambayo hata asiyetupenda ataielewa. Katika majimbo kama Texas, California na Kentucky, fedha za shule huhesabiwa kwa kufuata mahudhurio. Mtoto wangu akibaki nyumbani kwa sababu nimesikia uvumi kwenye WhatsApp, dawati lake linakuwa tupu, na bajeti inayopungua ni ya mtoto wa jirani yangu aliyezaliwa hapahapa. Nasema uvumi kwa sababu sehemu kubwa ya zile sauti za "wako kituo cha basi, msitoke" zinatumwa na mtu aliyesikia kwa mtu. Kabla ya kuisambaza, piga shuleni. Na shule iwe na mtu wa kuipokea hiyo simu kwa Kiswahili, maana sheria inaitaka wilaya ituambie mambo ya msingi kwa lugha tunayoielewa. Mtoto wa miaka kumi na moja asifanywe mkalimani wa kikao cha nidhamu kinachomhusu yeye mwenyewe. Mama mmoja alitoka kwenye kikao cha namna hiyo akishukuru sana, kwa sababu kijana alimtafsiria kwamba mwalimu anamsifu.

Mmecheka. Sasa niseme lisilochekesha.

Tunapenda kuamini kwamba ubaguzi unatoka kwa wengine tu. Januari 2025 mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi wa M23, humu majumbani simu hazikulala. Sauti zilikuwa zinachezwa kwa nguvu sebuleni, watoto wako hapo wanakula. Kesho yake watoto haohao walipanda basi moja la shule. Mmoja akamwambia mwenzake, rudini kwenu, ninyi ndio mliotuulia ndugu. Dereva hakuelewa neno. Mwalimu akaona Waafrika wawili wamegombana, akawapa wote adhabu ileile, kisha akafunga faili. Hiyo haki si haki. Aliyetukanwa kwa asili yake amepata uonevu wa kikabila, sawasawa na binti anayevutwa hijabu, au yule anayeitwa "mhamiaji haramu" na wenzake. Shule inapaswa kuuliza nini kilisemwa, na sisi tunapaswa kuvaa visikilizi tunapocheza zile sauti. Wachungaji na masheikh mlioko hapa, hili haliwezi kufanywa na bodi ya shule. Ni lenu.

Jambo dogo la mwisho, kwa walimu. Mnapofanya mazoezi ya kujifungia darasani, yale ya kujikinga na mtu hatari akiingia shuleni, taa zinazimwa, mlango unakomewa, watoto wanakaa chini kimya. Kuna watoto humu waliwahi kukaa hivyo kweli, kwenye nyumba ya kweli. Mwambieni mtoto siku moja kabla kwamba ni mazoezi, kwa lugha yake, na mzazi apate ujumbe. Inachukua dakika mbili.

Kwenye meza ya nyuma kuna fomu ya watu wa kupigiwa simu wakati wa dharura. Ongezeni majina mawili ya watu wanaoweza kumchukua mtoto msipofika, na wawe watu wenye vitambulisho. Pembeni yake ipo ile fomu ya kukataa taarifa zisitolewe. Wakalimani watakuwepo mpaka saa tatu usiku. Karibuni maswali, tuanze na mama wa kule mbele.