Daraja la Meno na Kingo Zake

Mhadhara uliotolewa mjini Lindi mbele ya walimu wastaafu na familia zao

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi vijana mliowasindikiza wazazi wenu, habari za asubuhi. Watu wa rika lenu ndio walionifundisha kusoma, na wawili kati yao nawaona wameketi pale mstari wa mbele. Asanteni kwa kuniita.

Wengi wenu mnakumbuka Ndundu. Kabla ya mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam kulikuwa ni kumwomba Mungu kivuko kiwe kizima na Rufiji isiwe imefura. Mkikwama, mnalala palepale na watoto. Kisha likaja Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima juu ya mto, likapewa jina la Rais aliyezaliwa Lupaso, Masasi. Mambo ya Ndundu yakaisha.

Mei 2024 zikaja mvua za kimbunga Hidaya. Barabara ikakatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Daraja la Mkapa limesimama, lakini basi la Lindi halilifikii. Wakati huo nilikuwa na mgonjwa wa Nachingwea aliyekuwa akisubiri daraja lake la meno. Chapa ya meno yake nilikuwa nimeipeleka maabara Dar es Salaam, kazi imekwisha, nayo imekaa huko kwa sababu njia haipo. Kila alipopiga simu nilimjibu: "Mama, daraja lako ni zima, barabara ndiyo iliyoliwa na maji." Neno hilo nililolisema mara nyingi siku zile ndilo nililokuja kuwaeleza leo, kwa sababu mdomoni mambo huwa hivyohivyo. Daraja la meno ni nadra kufa lenyewe. Hufa kingo zake.

Nieleze kwanza ni kitu gani. Mtu amepoteza jino moja. Jino la kushoto lipo, la kulia lipo, katikati pengo. Katika daraja la kawaida tunayachonga yale mawili ya pembeni, tunayavalisha kofia, na kati ya kofia hizo kunakuwa na jino bandia. Vyote vitatu hutengenezwa kama kipande kimoja, kwa chuma kilichofunikwa kauri, au zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, au hata dhahabu. Kipande hicho hugandishwa kwa saruji maalumu na hakivuliwi usiku. Jino la katikati halina mzizi. Linaelea juu ya ufizi, na kila unapotafuna, mzigo wake unabebwa na majirani. Hayo ndiyo meno ya nguzo.

Wazo lenyewe ni la kale mno. Waetruski wa Italia, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walikuwa wakizungushia meno mikanda ya dhahabu ili yashike jino la kupachika. Binadamu hajawahi kupenda pengo.

Sasa niwaambie habari ya mama yangu, kwa ridhaa yake. Alikuwa na pengo moja tu, gego la chini upande wa kulia. Mwaka mmoja korosho zikalipa vizuri, akaenda mahali nisipopataja akawekewa daraja. Hakupigwa picha ya eksirei. Hakuambiwa kwamba moja ya meno ya nguzo lilikuwa limeanza kuoza upande usioonekana. Alipotoka, hakuna aliyemwonyesha namna ya kusafisha chini ya jino la katikati. Miaka minne alitafuna ming'oko na korosho kwa raha zake. Mwaka wa tano kukawa na harufu. Mwaka wa sita, akiwa anakula, daraja likatoka mzimamzima, na vichwa vya meno yote mawili ya nguzo vimevunjikia humo ndani. Mizizi iliyobaki haikufaa kitu. Aliingia na pengo la jino moja, akabaki na la matatu. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno. Alinikabidhi lile daraja limefungwa kwenye leso. Nililigeuza mkononi, kauri haina hata ufa. Lilikuwa zuri kama siku aliyowekewa, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Kofia haiozi. Jino lililo chini yake linaoza, na huanzia pale pembezoni, ufizi unapokutana na ukingo wa kofia, mahali ukoga unapopenda kujificha. Ukoga ukikaa hugeuka ugaga mgumu, ufizi unavimba na kutoka damu, mfupa unashuka. Kama jino la nguzo liliwahi kutibiwa mzizi, halina tena mshipa wa kukupa taarifa, litaoza kimya hadi likatike. Kwa hiyo mkienda kutafuta daraja, msianze kwa kuuliza bei ya jino la katikati. Ulizeni habari za yale mawili ya pembeni. Yana mfupa wa kutosha? Yanatikisika? Yana tobo? Picha inasemaje? Daktari asiyekuwa na majibu hayo hajafika mahali pa kushika mashine.

Maana ile mashine ikishashikwa, hakuna kurudi nyuma. Bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alichongwa meno ya mbele akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya rika lake. Alizeeka nayo vilevile yalivyochongwa. Enameli, lile gamba gumu la nje, haioti tena jino likishatokeza mdomoni. Wachongaji wetu wa mpingo wanalijua hili kuliko madaktari wengi: mti huongezi, unapunguza tu, kwa hiyo unautazama sana kabla ya tezo ya kwanza. Kwa daraja la kawaida tunapunguza jino pande zote, kiasi cha milimita 1 hadi 2 kufuatana na aina ya kofia. Ikiwa jino hilo limekwisha kuzibwa pakubwa au limevunjika, kofia inalilinda, na hapo daraja ni jambo jema sana. Ikiwa ni zima, halijawahi kuguswa, basi tunalitoza lenyewe deni la mwenzake. Na baadhi ya meno yaliyochongwa hufa ndani baada ya miaka, yakahitaji tiba ya mzizi. Mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla ya sindano ya ganzi, wala si baadaye.

Mzee mmoja aliniuliza wiki iliyopita: "Daktari, mimi nimepoteza manne mfululizo, kwa nini usinitandikie daraja moja refu?" Swali zuri, na jibu lake wanalo wahandisi. Boriti ikirefushwa mara 2, unene ukibaki uleule na mzigo uleule, hupinda mara 8. Ikirefushwa mara 3, hupinda mara 27. Ndiyo maana Rufiji ilipangiwa nguzo nyingi, hakuna aliyejaribu kuivuka kwa hatua moja. Mdomoni daraja refu hupinda kila unapouma, saruji inaachia upande mmoja bila wewe kujua, mate yanaingia, jino linaoza humo ndani. Mwaka 1926 daktari Irwin Ante alitoa kanuni kwamba eneo la mizizi ya meno ya nguzo, lile lililoshikwa na mfupa, lisipungue eneo la mizizi ya meno yaliyopotea. Siku hizi hatuishiki kama amri isiyovunjwa, lakini mimi nikiona mtu ametaka nguzo 2 zibebe magego 3, namkumbuka Ante na nakataa.

Huyo mzee nilimshauri meno ya kuvaa na kuvua. Najua hamyapendi. Ila kwa mapengo marefu yana heshima yake, na hayachongi jino la mtu.

Kwa pengo moja la mbele kuna njia nyingine ninayoipenda, na nasikitika haijulikani sana huku kwetu. Inaitwa daraja la Maryland, kwa jina la chuo kikuu cha Marekani lilikoendelezwa miaka ya mwanzo ya 1980. Jino bandia linakuwa na bawa jembamba, moja au mawili, linalogandishwa nyuma ya jino jirani kwa gundi maalumu. Kuchonga ni kidogo sana, pengine hakuna kabisa. Likibanduka, na wakati mwingine hubanduka, jirani yako angali mzima. Kijana wa miaka 20 aliyevunjika jino la mbele kwa ajali ya bodaboda aanze kufikiria hapo.

Msilichanganye na lile jino la plastiki linalogandishwa kienyeji kwa dakika chache kwenye meno ya jirani. Nimewatibu watu waliopachikwa hivyo. Chakula kinashikwa humo, ufizi unaoza, na mara nyingi mimi ndiye ninayelazimika kuyang'oa yale yaliyokuwa mazima.

Skrubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa ili ibebe jino bandia, kazi iliyoanzishwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, haiwaombi majirani chochote. Ni tiba nzuri. Gharama yake ni kubwa, inahitaji mfupa wa kutosha, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvuta sigara sana anakuwa na hatari zaidi ya kushindwa kwake. Nimeitaja mjue ipo.

Na ipo njia ya kuliacha pengo lilivyo. Mwaka 2003 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania juu ya watu waliopoteza magego. Waliona kwamba mwenye magego madogo yaliyokamilika, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana juu na chini, anatafuna vya kutosha. Kwa hiyo gego la mwisho kabisa likitoka, na huumii, na meno mengine yametulia, si lazima uuze gunia za korosho kulirudisha. Pengo la katikati ni habari nyingine, hasa kwa kijana: jino la nyuma huanza kulala kuelekea pengoni, na la taya la pili hushuka au kupanda kulitafuta lile ambalo halipo. Jino likishalala sana, kulifanya nguzo ni kazi ngumu. Aliyeng'olewa leo asikae miaka 10 kabla ya kuonana na daktari. Kwa kawaida tunasubiri miezi 2 hadi 3 ufizi na mfupa vitulie, kisha tunaamua.

Daraja lililowekwa vizuri na kutunzwa hudumu miaka 10 hadi 15, na mengine huzidi hapo. Kutunza kwenyewe ndiko mama yangu alikonyimwa, kwa hiyo sitaki mtu atoke humu bila kukuona kwa macho. Mswaki peke yake haufiki chini ya jino linaloelea. Nimekuja na sanamu ya plasta yenye daraja, nyuzi zenye ncha ngumu, na vibrashi vidogo. Ncha inapita hapa, kati ya nguzo na jino la katikati, inatokea upande wa ulimi. Kisha unauvuta uzi kwenda na kurudi, ukiukumbatisha kwenye nguzo hii, halafu ile. Kila usiku.

Sogeeni karibu tafadhali, walio nyuma hawataona. Mwalimu, shika wewe kwanza. Pitisha hapo chini, taratibu, usisukume. Umeona ilivyotokea? Haya, mpe mama aliye kando yako naye ajaribu.